Ugonjwa Usioandikwa: Kanuni za Kuripoti Maradhi ya Kuambukiza na Deni la Serikali



Mada niliyopewa ni mabadiliko ya kanuni za majimbo ya Marekani kuhusu kuripoti magonjwa ya kuambukiza. Mada ya namna hii kwa kawaida huachiwa wanasheria na watu wa takwimu. Sisi wengine tunaikumbuka siku ambayo mtu tusiyemjua anatupigia simu na kutuuliza wiki iliyopita tulikula wapi, nyumbani tunaishi wangapi, na mtoto wetu anasoma shule gani. Jambo la kwanza ninalotaka tukubaliane ni kwamba nyuma ya simu ile iko kanuni. Kanuni hiyo ina tarehe yake na ina watu walioiandika. Kila ilipobadilishwa, wako waliopona kwa sababu yake, na wako ambao siri yao ilitoka nje kwa sababu yake.

Hoja yangu ni moja. Serikali inapomlazimisha daktari amtaje mgonjwa wake, inakopa. Inachukua siri ya mtu bila kumwomba ruhusa, na kwa siri hiyo inadaiwa: tiba, kinga, au angalau onyo kwa majirani. Kwa hiyo kila badiliko la kanuni hizi tulipime kwa kuuliza limechukua nini kwa wananchi na limewarudishia nini. Mifano yangu mingi nitaitoa Washington, lile jimbo la kaskazini-magharibi lenye mji wa Seattle. Huko kanuni hizi zimewahi kuokoa maisha kwa namna inayoweza kuhesabika, na kanuni iliyopo sasa imeitaja lugha yetu waziwazi.

Mamlaka yako wapi

Wengi hudhani iko sheria moja ya Marekani nzima, inayotoka kwa serikali ya shirikisho au kwenye kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichoko Atlanta. Sivyo. Ukiacha nyakati za dharura kubwa, wajibu wa kuripoti ugonjwa unatokana na sheria ya jimbo. CDC hupokea kile ambacho majimbo yamekubali kuipatia, na kwa kawaida hupokea bila majina ya wagonjwa. Lipo baraza la wataalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka majimbo yote, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, ambalo hukutana na kupendekeza magonjwa gani yahesabiwe kitaifa na kwa vigezo gani. Hata hivyo, pendekezo lake halimbani daktari wa Tacoma au wa Spokane mpaka jimbo lake liliingize kwenye kanuni.

Katika jimbo la Washington, mwandishi wa kanuni ni Bodi ya Afya ya Jimbo, chombo chenye wajumbe 10 ambacho kimetajwa ndani ya katiba ya jimbo ya mwaka 1889. Kanuni yenyewe inapanga magonjwa kwa uharaka wake. Surua na kipindupindu huripotiwa papo hapo, hata iwe usiku wa manane, hata iwe Jumapili. Yako yanayopewa saa 24. Kisonono kinapewa siku tatu za kazi. Taarifa huanzia idara ya afya ya kaunti, kisha hupanda kwenda jimboni. Daktari anaripoti, na maabara nayo inaripoti kivyake, ili mmoja akisahau, mwingine asisahau. Daktari wa mifugo naye yumo, na mwenye mgahawa pia ana wajibu wake pale chakula chake kinaposhukiwa.

Huyo mwenye mgahawa si mgeni kwenye orodha hii, ndiye aliyetangulia. Mwaka 1741 koloni la Rhode Island liliwaamuru wenye nyumba za wageni na vilabu vya pombe watoe taarifa za maradhi ya kuambukiza miongoni mwa wateja wao. Miaka miwili baadaye likaandika sheria pana zaidi iliyotaja ndui, homa ya manjano na kipindupindu. Mwaka 1874 Massachusetts ikawaomba madaktari wajaze postikadi kila wiki kueleza maradhi waliyoyaona, kwa hiari. Mwaka 1883 Michigan ikawa ya kwanza kuifanya lazima kuripoti magonjwa yaliyotajwa kwa majina. Kufikia mwaka 1901 majimbo yote yalikuwa na sheria ya aina hiyo.

Makohozi ya New York

Sheria kuwepo ni jambo moja, watu kuikubali ni jambo jingine. Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba kifua kikuu kinasababishwa na bakteria. Katika Idara ya Afya ya Jiji la New York, Dakta Hermann Biggs akaifuata hoja hiyo mpaka mwisho wake: kama kinaambukiza, basi kiripotiwe. Walianza na hospitali na taasisi za umma, huku madaktari binafsi wakiombwa tu. Mwaka 1897 ikawa lazima kwa wote.

Madaktari walikuja juu. Walisema siri ya mgonjwa inavunjwa, na mtu akijulikana ana kifua kikuu atafukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba ya kupanga. Hayo yalikuwa kweli. Walikuwa na sababu nyingine waliyoisema kwa sauti ya chini: waliogopa idara itawanyang'anya wateja. Biggs na wenzake hawakuwajibu kwa vitisho peke yake. Maabara ya jiji ilipima makohozi bila malipo, na majibu yakarudi kwa daktari aliyeyapeleka. Daktari aliyeripoti alipata kitu ambacho peke yake asingeweza kukipata, na mgonjwa wake alipata uhakika.

Hapo deni lililipwa kwa sehemu. Ila tazameni nani alibeba mzigo. Wakaguzi wa jiji waliingia kwenye vyumba vya maskini waliobanana katika nyumba za kupanga. Mgonjwa mwenye daktari wake binafsi aliachwa mikononi mwa daktari huyo, na mlango wake haukugongwa. Kanuni iliandikwa kwa watu wote, utekelezaji ukachagua. Tabia hiyo haijaisha mpaka leo, nami nitairudia.

Seattle, Januari 1993

Sasa twende kwenye mfano ambao kila mtu anayefundisha somo hili hana budi kuutoa. Kuna bakteria aitwaye E. coli O157:H7. Anaishi matumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru ng'ombe, lakini akimwingia mtoto wa binadamu humharisha damu. Kwa baadhi ya watoto sumu yake hupasua chembe nyekundu za damu na kuzifanya figo zishindwe kazi. Mwaka 1987 Washington ilimwingiza bakteria huyu kwenye orodha ya kuripotiwa, wakati majimbo mengi yalikuwa bado hayajafanya hivyo.

Kuingia kwenye orodha kulibadilisha kazi za maabara, nako ndiko kwenye maana. E. coli wa kawaida na O157 huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Mtaalamu wa maabara huotesha kinyesi kwenye sahani maalumu yenye sukari iitwayo sobitoli. E. coli wa kawaida huila sukari hiyo, na makundi yake kwenye sahani yakawa na rangi ya waridi. O157 haili upesi, kwa hiyo makundi yake hubaki bila rangi. Ni jambo la kutazama kwa macho tu asubuhi inayofuata. Lakini kama hakuna aliyekuamuru kuandaa sahani ile, hutaandaa, na bakteria hutamwona.

Januari 13, 1993, daktari mmoja alitoa taarifa kwa Idara ya Afya ya Jimbo la Washington kwamba wamepata kundi la watoto wenye figo zilizoshindwa kazi, na kwamba wanaoharisha damu wameongezeka kwenye vyumba vya dharura. Ndani ya siku nne wachunguzi walikuwa wameshawahoji wagonjwa 16 wa mwanzo na kuwalinganisha na wenzao wa rika lile lile na mtaa ule ule. Jibu likawa moja: hambaga za migahawa ya Jack in the Box. Januari 18 nyama ikatangazwa kurudishwa. Zaidi ya vipande 250,000 viliondolewa kabla havijaliwa, na wachunguzi walikadiria kwamba hatua hiyo peke yake iliwaepusha watu 800 na ugonjwa.

Bakteria hakuanzia Washington. Katika jimbo la California, huko San Diego, watu walikuwa wakiugua tangu katikati ya Novemba 1992, na mtoto mmoja alifariki Desemba. Las Vegas, maabara za pale hazikuwa zikitumia ile sahani ya sobitoli. Baada ya habari za Washington kuenea ndipo walipotazama nyuma na kupata watu 58 waliougua. Nyama ilikuwa moja, kampuni moja, bakteria mmoja. Kilichotofautiana ni kanuni na mazoea ya maabara yaliyozaliwa na kanuni. Kwa jumla watu zaidi ya 500 walithibitishwa na maabara katika majimbo manne, na wanne walifariki. Mwaka uliofuata ugonjwa huo ukaingia kwenye orodha ya kitaifa.

Naupenda mfano huu kwa sababu deni lililipwa papo hapo. Wazazi walihojiwa mambo ya nyumbani kwao Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu nyama ikaondolewa migahawani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza taarifa zake zilikwenda wapi.

Namba zinazopanda bila ugonjwa kupanda

Upo upande mwingine wa mabadiliko ya kanuni ambao huwachanganya hata waandishi wa habari. Ukibadilisha vigezo vya nani ahesabiwe, hesabu inabadilika hata kama ugonjwa umekaa palepale.

Mwaka 1992 Marekani iliripoti wagonjwa wa ukimwi 49,016. Mwaka 1993 wakaripotiwa 103,500. Aliyesoma gazeti bila kujua angeshika kichwa. Kilichotokea ni kwamba tangu Januari 1, 1993 vigezo vilipanuliwa: mtu mwenye VVU ambaye chembe zake za kinga za CD4 zimeshuka chini ya 200 akahesabiwa, na pia mwenye kifua kikuu cha mapafu, mwenye nimonia ya kurudiarudia, na mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyoenea. Kabla ya hapo vigezo vilitokana zaidi na maradhi yaliyoonekana kwa wanaume. Wanawake walikuwa wakiugua na kufa bila kuitwa wagonjwa wa ukimwi, na bila jina hilo baadhi ya mafao ya ulemavu yalikuwa magumu kuyapata. Wanawake wenyewe na wanasheria wao walipigania badiliko lile kwa miaka. Walikuwa wanadai kuandikwa, kwa sababu walijua kwamba asiyeandikwa hana anachodai.

Mfano wa karibu zaidi ni ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe. Zamani jimbo halikuweza kumhesabu mgonjwa kwa jibu la maabara tu. Ilibidi mtumishi wa afya amtafute daktari na kuuliza dalili. Katika majimbo yenye kupe wengi kazi hiyo iliwashinda watumishi. Mwaka 2022 majimbo hayo yakaruhusiwa kuhesabu kwa jibu la maabara peke yake. Wagonjwa walioripotiwa nchini wakafika 62,551, wakati wastani wa mwaka kati ya 2017 na 2019 ulikuwa 37,118. Kupe hawakuzaana hivyo kwa ghafla. Walioandikwa ndio waliozidi.

Basi mkisikia ugonjwa fulani umeongezeka maradufu, kabla ya kuogopa na kabla ya kumlaumu mtu, ulizeni kama kanuni ilibadilishwa mwaka huo.

Jina la mgonjwa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno hayo yanamtupia lawama mgonjwa peke yake. Historia ya VVU Marekani inatuonyesha kwamba mgonjwa mara nyingi alikuwa na sababu nzuri za kuficha, na kwamba serikali ilipaswa kwanza kuziondoa sababu hizo.

Colorado ilianza mwaka 1985 kutaka majina ya watu wote waliopimwa na kukutwa na VVU. Wakati ule dawa za kupunguza makali hazikuwepo. Mtu aliyetajwa jina alipoteza kazi, nyumba na bima, na hakupata kidonge. Kwa kipimo nilichokiweka mwanzo, lilikuwa deni kubwa na malipo madogo, ndiyo maana majimbo mengi yalisita kwa miaka.

Washington ilijaribu njia ya katikati. Kuanzia mwaka 1999 jina la mwenye VVU lilipelekwa idara ya afya, likatumika kumtafuta mtu na kumpatia msaada, kisha ndani ya siku 90 likafutwa na kugeuzwa msimbo. California nayo ilitumia misimbo. Tatizo ni kwamba misimbo ilifanana au kukosewa, mtu mmoja akahesabiwa mara mbili, na CDC haikuzikubali hesabu hizo. Fedha za shirikisho za matibabu ya wenye VVU nazo zikaanza kufuata hesabu za majina. Mwaka 2006 majimbo hayo mawili yakaachana na misimbo, na kufikia Aprili 2008 majimbo yote 50 yalikuwa yakitumia majina kwa siri.

Je, waliotajwa walipata nini? Zamu hii tunaweza kujibu. Mwaka 2018 watumishi wa afya wa Seattle waliona kwenye taarifa zao jambo lisilo la kawaida: upande wa kaskazini wa mji, miongoni mwa watu wasio na makazi wanaojidunga dawa za kulevya, VVU ilikuwa inasambaa kati ya wanaume na wanawake. Kati ya Februari na Novemba walikuwa watu 14. Idadi hiyo ni ndogo, na katika mji mkubwa ingepotea kabisa kama taarifa zisingefika mahali pamoja. Kilichofuata ni watumishi kwenda mitaani kupima, kugawa sindano safi na kuwaingiza watu kwenye matibabu. Hivyo ndivyo kulipa.

Hapa niseme jambo la sheria ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa, ile ambayo kila mara tunasainishwa fomu zake mapokezini, inaruhusu hospitali kumtaja mgonjwa kwa idara ya afya bila kumwomba idhini, pale kanuni ya jimbo inapotaka hivyo. Muuguzi hakuvunja siri yako; ametimiza wajibu. Unachopaswa kumuuliza ni taarifa zimekwenda idara gani, na wewe utapata huduma gani.

Faksi na foleni

Kanuni nzuri hufa kwenye njia ya kupitia. Kwa miongo mingi taarifa zilisafiri kwa postikadi, kwa simu, na kwa faksi. Utafiti wa Hawaii uliochapishwa mwaka 1999 ulilinganisha njia za zamani na maabara zinazotuma taarifa zenyewe kwa kompyuta. Zilizotumwa kwa kompyuta zilikuwa mara 2.3 ya zile za njia za kawaida, na zilifika mapema kwa wastani wa siku 3.8. Kwa surua au kipindupindu, siku tatu na ushee ni tofauti ya mgonjwa mmoja na darasa zima.

Jibu hilo lilijulikana mwaka 1999. Mwaka 2020 Uviko ilipoingia, Houston ilikuwa bado ikipokea majibu kwa faksi, karatasi zikimwagika sakafuni. Sheria ya dharura ya shirikisho ya Machi 2020 iliitaka kila maabara iripoti kila kipimo cha Uviko, chenye virusi na kisicho na virusi. Mfereji ukajaa kuliko upana wake. Kule California, kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, mfumo wa kompyuta ulikwama na cheti cha kidijitali cha kuunganishwa na maabara moja kubwa kikapitwa na muda. Rekodi kati ya 250,000 na 300,000 zikakaa foleni, maofisa wakidhani maambukizi yanashuka. Mkurugenzi wa afya ya umma wa jimbo alijiuzulu.

Katika siku zile watu waliojitokeza kupimwa walitimiza sehemu yao. Walikaa kwenye foleni za magari saa nzima, wakasubiri majibu wiki. Aliyeshindwa kulipa ni yule aliyetunga kanuni ya kudai taarifa bila kununua mtambo wa kuzipokea.

Kanuni iliyoitaja lugha yetu

Uviko ilifichua tundu jingine. Taarifa nyingi zilikuja bila kabila, asili wala lugha ya mgonjwa. Hata hivyo, kidogo kilichoandikwa kilitosha kuonyesha kwamba katika jimbo la Washington watu wa visiwa vya Pasifiki na Walatino waliugua kwa kiwango kikubwa kuliko majirani zao. Mwaka 2020 Bodi ikatoa kanuni ya dharura ya kutaka taarifa hizo kwa Uviko. Wakati huohuo marekebisho makubwa ya kanuni nzima yalikuwa njiani. Yalipitishwa mwaka 2021 na kuanza kutumika Januari 1, 2023.

Tangu siku hiyo, kila daktari na kila hospitali inayoripoti ugonjwa hutakiwa kutaja pia asili ya mgonjwa na lugha anayopendelea kuzungumza. Kanuni imeweka orodha ya lugha. Kisomali kimo, Kiamhari, Kitigrinya, Kioromo, Kinyarwanda, na Kiswahili kimo kwa jina lake. Mgonjwa anaweza kukataa kujibu, na fomu ina nafasi ya kuandika kwamba amekataa.

Wenzangu wa Kent, Tukwila na SeaTac, miji jirani na Seattle, wengi wao wakiwa wametoka Kongo na Somalia kupitia kambi za wakimbizi, waliniuliza swali la haki: kwa nini serikali itake kujua? Jibu zuri ni kwamba mtumishi anayepiga simu kuhusu kifua kikuu au surua ajue tangu mwanzo amtafute mkalimani wa lugha gani, badala ya kumtuma mtoto wa miaka tisa amweleze mama yake habari za makohozi. Na kama ugonjwa unazunguka kwa wasemaji wa Kiswahili, onyo litolewe kwa Kiswahili, kwenye misikiti, makanisa na maduka tunayoyatumia.

Jibu hilo ni zuri kwenye karatasi. Mapokezini mambo ni mengine. Karani mwenye watu kumi mbele yake hutazama jina na nchi kwenye fomu, kisha hukisia. Mzee wa Kibajuni kutoka Kismayu anaandikwa Kisomali, kwa sababu ametoka Somalia. Mama kutoka Barawa anayezungumza Chimwini naye vivyo hivyo. Mnyamulenge kutoka Kivu ya Kusini anaandikwa Kiswahili, ingawa nyumbani lugha yake ni nyingine. Kisha mkalimani anapigiwa simu, mgonjwa anaitikia kwa adabu, ndiyo, ndiyo, na hakuna alichoelewa kuhusu vidonge vya miezi sita. Kanuni imetekelezwa, kisanduku kimejazwa, na takwimu imekuwa ya uongo.

Iko hofu ya pili, nayo siwezi kuwacheka wanaoihofia. Kwa mtu aliyekimbia nchi ambamo kabila kwenye kitambulisho lilikuwa sababu ya kuuawa, kuulizwa asili yake na mtu wa serikali si jambo dogo. Taarifa hizi ni siri kwa mujibu wa sheria ya jimbo. Lakini siri ya kisheria na imani ya mtu ni vitu viwili, na imani haiwezi kuamriwa na Bodi. Kama wakaguzi wa New York walivyogonga mlango wa maskini na kumpita tajiri, mgeni wa leo anataka kujua kama kuandikwa kutamletea muuguzi au kutamletea usumbufu. Atajibiwa kwa yale atakayoyaona kwa jirani yake aliyetangulia kuandikwa.

Namna ya kudai

Kwa hiyo naunga mkono badiliko la mwaka 2023, kwa masharti. Bila lugha kuandikwa, tutaendelea kuhesabiwa ndani ya fungu la watu weusi kwa jumla, na onyo litatolewa kwa Kiingereza. Masharti yangu ni kwamba mgonjwa mwenyewe aulizwe, kwa maneno anayoyaelewa, na kwamba idara za kaunti zitangaze mara kwa mara zimefanya nini na taarifa walizozikusanya: wakalimani wangapi wamepatikana, matangazo gani yametolewa, kliniki gani zimefunguliwa jioni kwa wanaofanya kazi mchana. Idara ikishindwa kuonyesha hayo, basi imekopa bila nia ya kulipa.

Masharti hayo hatuhitaji kuyanong'ona vibarazani. Katika jimbo la Washington, Bodi haiwezi kubadilisha kanuni yake ya kudumu bila kuitangaza kwanza, kupokea maoni ya maandishi na kuitisha kikao cha hadhara. Zaidi ya hapo, sheria ya jimbo inampa mtu yeyote haki ya kuandika ombi kwamba kanuni itungwe, irekebishwe au ifutwe, na chombo husika kinatakiwa ndani ya siku 60 ama kianze kazi ya marekebisho, ama kikatae kwa maandishi na kutoa sababu. Huhitaji kuwa raia, huhitaji wakili.

Wakalimani waliomo humu ukumbini ndio wanaojua kwa hakika ni mara ngapi wamepigiwa simu kumtafsiria mgonjwa ambaye lugha yake si ile iliyoandikwa. Hakuna takwimu ya Bodi inayoushinda ujuzi huo. Ushauri wangu wa mwisho ni kwamba muuandike: tarehe, kliniki ya aina gani, lugha iliyoandikwa na lugha iliyozungumzwa, bila jina la mgonjwa. Mkishapata mifano ya kutosha, pelekeni ombi. Tumeshaandikwa kwenye kanuni yao. Ni zamu yetu sasa kuandika.